Randa Kumi na Moja za Baba

Ofisi nilikokuwa karani wa masjala pale Moshi mjini ilipopunguza wafanyakazi, nilirudi nyumbani Rombo, juu kidogo ya Mkuu. Baba alikuwa seremala. Siku moja alipokwenda Holili kununua skrubu, niliingia karakanani kwake.

Randa zake zilikuwa kumi na moja. Chache zilikuwa za chuma. Nyingine zilikuwa za mbao, nyeusi kwa jasho la mikono, alizoachiwa na fundi wa misheni aliyemfunza kazi. Zilikuwa zimelazwa ubavu, bila mpangilio niliouelewa. Masika yalikaribia, nikahofia kutu. Nikazifungua zote. Visu nikavipaka mafuta na kuvitia kwenye kopo moja, kabari kwenye jingine, na miili ya randa nikaipanga kwa urefu, kama tulivyopanga mafaili.

Baba aliporudi alisimama mlangoni, akayatazama makopo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani kazifungua?"

"Ni mimi. Nilitaka zikae vizuri."

Hakunigombeza. "Kila kisu kina randa yake, mama," alisema, akaketi.

Mimi niliviona vyote sawa. Yeye alichukua kimoja, akapitisha kidole gumba ubavuni, akanyoosha mkono kuuchukua mwili wa randa yake, akakitia na kugonga kabari taratibu. Kisha cha pili. Kimoja tu kilimsumbua. Alikitia kwenye randa moja, akaijaribu kwenye kipande cha mbao, akasikiliza. "Hapana. Inalia." Akakitoa, akakipeleka kwingine.

Alipomaliza alifunga ubao wa mvule mezani na kusukuma randa ndefu mara moja, mwanzo hadi mwisho. Likatoka ganda moja la mbao, jembamba, refu kama meza, bila kukatika. Alinipa. Nililiinua dirishani, na kupitia wembamba wake nikaiona migomba ya nje. Nilikuwa nimelishwa na kusomeshwa na mikono ile, na sikuwahi kujua inaweza nini.

"Sasa tuzipange," alisema. "Wewe unajua makabati ya mafaili."

Tulitengeneza kabati la mbao za mgrevilea. Yeye alitaja kila randa kwa zamu yake katika kutengeneza mlango, kuanzia ya kuparura hadi ya kulainisha; mimi nikachora umbo lake na kupigilia kipande chembamba cha mbao chini, kisu kisiguse ubao. Visu vidogo vya kuchimbia mifuo, ile mifereji myembamba ya mbao, nilivishonea kitambaa chenye mifuko.

Mvua zilinyesha wiki nyingi. Kila Jumamosi nilizifuta randa, na mara nyingine nilifungua kabati nikasimama tu, nikiziangalia.