Ngoma Aliyonyimwa Dada

Niliposikia kungwi wetu wa Ulaya amefariki, nilifunga safari siku ileile. Nasema Ulaya yetu ya Kilosa, si ile ya wazungu. Na usidhani nilikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha.

Miaka ile ya Ujamaa kipande cha reli kilipogongwa asubuhi, watu wazima walikwenda shamba la kijiji, sisi watoto tukaenda kuwinga ndege wasile mtama. Tulichoma mahindi mabichi, moshi ukatutoa machozi, tukacheka. Raha ilikuwepo, sikufichi. Ila dada yangu alikuwa na miaka kumi na minane, na bado aliwinga ndege pamoja nasi.

Dada alikuwa na ugonjwa wa damu, ule wa kuzaliwa nao. Baridi ikiingia, viungo vilimuuma mpaka anang'ata khanga. Hospitali walimwambia bibi yetu kwamba hatazeeka. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kuchezwa unyago, na kwetu msichana asiyechezwa ni mtoto hata aote mvi. Hakai na wanawake, na akifa anazikwa kitoto. Dada hakuwa akiomba kupona. Aliomba achezwe.

Bibi alikwenda kwa kungwi na mchele, mimi nimebeba kuku, dada akitufuata polepole. Kungwi hakutukaribisha hata kigoda.

“Rudi na kuku wako, mama. Mimi sichezi mwali wa kaburini. Huyo hafiki mavuno.”

Dada alisikia kila neno. Alifika mavuno yale, na mengine manne, akiwinga ndege. Mimi mdogo wake nilichezwa, yeye akiningoja nje ya uzio. Dada alipofariki, kungwi alipita nyumba kwa nyumba akiwazuia wanawake wasije kulala matanga ya mtoto. Wakamtii. Bibi akasema tumwachie Mungu. Mimi sikumwachia.

Sasa nyumba zile za mstari za Ujamaa zimebomoka, shamba la kijiji ni pori, na ngoma haichezwi tena. Baada ya mazishi wajukuu wa kungwi walinizunguka, maana katika wote aliowacheza, wengine wamekufa, wengine hawajulikani walipo, nimebaki peke yangu.

“Shikamoo, bibi. Tunaomba utufundishe nyimbo zake, zisije zikapotea.”

“Marahaba, wajukuu zangu.”

Nazikumbuka zote, mpaka viitikio. Nikawaambia nimesahau.