Skrubu za Buti la Baba

Harufu ya mpira uliopata joto hunirudisha moja kwa moja jikoni kwetu Stechford, upande wa mashariki wa jiji la Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Kila jioni Baba alirudi kutoka kazini Hockley, akavua buti zake mlangoni na kuziweka juu ya gazeti kando ya hita ya mafuta ya taa. Soli zilipolainika, kazi yangu ilianza. Nilikaa sakafuni na koleo ndogo, nikazipindua buti na kung'oa kila kilichokwama: nyuzi za shaba, vipande vya bati, na hasa skrubu, kwa kuwa karakana ya Baba ilitengeneza skrubu na bawaba. Zilikuwa zimezama kwenye mpira kwa ncha, vichwa vikiwa nje. Mama hakutaka zikwaruze sakafu yake. "Nekesa," angeuliza huku akikoroga ugali, "umeshamkata baba yako kucha?" Nami nilitikisa kichwa kukubali, nikazitia skrubu katika kopo la kakao, fupi kwa fupi na ndefu kwa ndefu, kila aina katika bahasha yake.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikutaka maneno. Nilikuwa mtoto wa haya. Shuleni wiki nzima ingeweza kupita bila mtu kusikia sauti yangu, hata mwalimu akamwandikia Mama kuuliza kama nina tatizo la masikio. Nyumbani nako, watu wazima walipozungumza, nilisikiliza tu. Bibi yangu kule Kitale alizoea kunitetea kwa kusema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mwenyewe niliungoja huo mshindo, sikuuona.

Kwa Bibi ndiko alikobaki mdogo wangu Wafula. Tulipoondoka Kenya alikuwa na miaka mitatu na kifua kibovu, na wazazi wangu waliamua asije mpaka Mama amalize mafunzo ya uuguzi na tupate nyumba isiyo na ukungu ukutani. Miaka miwili ilikuwa imepita. Katika picha ya mwisho tuliyotumiwa, suruali aliyoachiwa na Mama ilikuwa imefika magotini. Sasa ulibaki mtihani mmoja wa vitendo, Jumatatu saa tatu asubuhi, hospitalini ng'ambo ya kilima. Asiyefika angengoja miezi sita. Kila mmoja wetu alijua maana yake, ingawa hatukulitaja jambo hilo mezani: miezi sita zaidi ya Mama ni miezi sita zaidi ya Wafula.

Juma hilo barafu ikaja. Kwanza ilianguka theluji, ikayeyuka kidogo, kisha ikaganda usiku kucha hadi mtaa wetu ukang'aa kama sahani iliyopakwa samli. Alhamisi Mama aliteleza hatua mbili kutoka mlangoni, kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi. Ijumaa mabasi yakaacha kupanda kilima. Nilisimama dirishani jioni ile nikiwatazama watu wakirudi kazini, wameshikilia nyua za bustani kama walevi. Baba peke yake alipanda katikati ya njia, wima, mikono mfukoni. Niliona, wala sikujiuliza kwa nini. Nilimpokea buti zake na kuzing'oa kucha kama kawaida.

Matumaini yetu yote yakamwangukia Mbuzi. Mbuzi kilikuwa chombo cha magurudumu matatu manene, chenye injini ya pikipiki kuukuu, alichokiunda Baba pamoja na jirani yetu Mzee Gurdial, Singasinga aliyekuwa fundi wa reli Nairobi kabla ya kuhamia Birmingham. Walikitumia kubebea samadi na kabichi kwenye vishamba vya kukodi nyuma ya reli. Mama ndiye aliyekipa jina, kwa sababu kilipiga mateke kabla ya kuwaka. Barabarani hakikuruhusiwa, lakini njia ya vishamba ilipanda kilima na kushukia karibu kabisa na lango la nyuma la hospitali.

Jumamosi asubuhi Baba akatoa pumzi kidogo kwenye matairi, akayazungushia kamba ya katani. Alikuwa dereva wa lori la mahindi huko Kitale, na hakuna mvua iliyowahi kumlaza njiani.

"Baba Nekesa, hayo si matope," Mama alimwambia kutoka mlangoni, ameegemea fagio.

"Matope ni matope," Baba akajibu, "hata yakiwa meupe."

Mbuzi alipanda hatua kama kumi. Kisha kamba zikanywa maji, maji yakaganda, na magurudumu yakawa kama yamevikwa vioo. Chombo kikaanza kurudi nyuma polepole, kwa adabu kabisa, Baba akiwa juu yake anakanyaga breki zisizosaidia chochote, hadi kikaingia katika ua wa Bi Doreen, jirani yetu Mwingereza. Baba aliruka chini kukisukuma, naye akateleza akakaa kitako.

"Gurdial!" aliita. "Usisimame kama nguzo, nisaidie!"

"Mimi nikija tutakuwa wawili chini," akajibu Mzee Gurdial, machozi ya kicheko yakimwishia kwenye ndevu. "Bwana dereva, hiyo kamba ungefungia ng'ombe tu!"

Bi Doreen alichungulia akauliza, kwa lafudhi yake ya Birmingham, kama mzee wetu angependa chai hapo hapo alipokaa. Watoto wa mtaa walipiga makofi. Baba hakucheka. Alimfunika Mbuzi kwa gunia, akaingia ndani.

Jumapili baada ya chakula, Mama alichukua kalamu na karatasi nyembamba ya barua. Nilimwona akiandika, "Mama mpendwa, mwambie Wafula avumilie," kisha akakoma, kalamu hewani. Baba alikuwa akiutazama moto. Alisema, kama anayejisemea, kwamba hata Ijumaa alipanda kilima kile bila shida, lakini jana, kwa buti zile zile, alianguka kama mtoto. Umri ulikuwa umemfika.

Mzee Gurdial alikuwa mezani akinywa chai, na mbele yake sikuwahi kusema zaidi ya shikamoo. Nilitazama barua. Nikatazama buti. Nikasimama.

"Baba, si umri," nilisema. "Ijumaa ulikuwa na kucha. Mimi nikazing'oa."

Hakuna aliyenielewa. Basi nilikwenda kuleta kopo la kakao nikalimwaga mezani, bahasha baada ya bahasha, akiba ya miaka miwili. Nikachukua skrubu moja, nikaikandamiza kwenye soli ya buti, kichwa nje. "Mbuzi hana kucha," nikasema.

Mzee Gurdial aliweka kikombe chini. "Arre," alisema taratibu. "Kumbe huyu mtoto ana mdomo. Na ndani yake kuna fundi."

Tulifanya kazi hadi chai ya jioni. Skrubu ya kwanza Baba alichagua ndefu, kwa pupa, ikatoboa tyubu, na Mbuzi akatoa pumzi kwa masikitiko. Walipokwisha kuiziba, Mzee Gurdial akapima kina cha meno ya tairi kwa kijiti cha kiberiti, akakivunja hapo, akanipa. "Ikizidi hii, kataa." Nilikaa na kijiti changu, nikipima skrubu moja moja na kuwapa wao wenye bisibisi. Ziliingia katikati ya kila jino, kwa kupishana, ili isifuate moja nyayo za mwenzake. Gurudumu la mbele lilipata nyingi zaidi, kwa kuwa ndilo lenye kuongoza. Na mara mbili nilisema, kwa sauti, "Hii nakataa," nao watu wazima wawili wakairudisha bila ubishi.

Kesho yake Baba alitaka uzito nyuma ili magurudumu yang'ate, kwa hiyo mimi na Mama tulikaa juu ya gunia la viazi, Mama amekumbatia viatu vyake vya kazi. Mbuzi alipiga teke, akawaka. Kila skrubu ililia ikigusa barafu, sauti kama mchele unaochaguliwa kwenye sinia la bati. Tulifika mahali pa aibu ya Jumamosi. Mama alifumba macho, akanishika mkono hadi ukaniuma. Mbuzi alisita, akakwaruza, akapanda. "Nenda, bab!" Bi Doreen alipiga kelele kutoka dirishani, akituita kama wanavyoitana watu wa kwao. Saa tatu kasorobo Mama aliingia lango la nyuma akichechemea, kofia imenyooka.

Wafula alifika Agosti. Alikuwa mrefu kuliko picha, na jambo la kwanza alilotuuliza ni, "Barafu iko wapi?" Baba alimpeleka akamwonyesha Mbuzi, akamweleza habari yote, na mara hii alicheka mwenyewe alipofika kwenye kamba.

Siku hizi magari ya chumvi hupita kabla hatujaamka, na baridi yenyewe imekuwa pole. Vishamba vingi vimejengwa nyumba. Baba na Mzee Gurdial wametangulia. Mama yupo, na kifundo kile humwambia mvua kabla ya redio. Wajukuu wangu hunielewa Kiswahili, kisha hunijibu kwa Kiingereza, na yule mdogo hajibu kabisa, hutazama tu. Watu humhurumia. Mimi simhurumii. Kila anapokuja huvua viatu mlangoni, nami huvipindua nikavitazama soli, kisha humuuliza leo amekanyaga nini, na hungoja. Sina haraka. Juzi, baada ya muda mrefu, aliniambia.