Tulivyomkalia Mfyatua Matofali

Vita vya mtaani kwetu Awindiri vilianzia kwenye bomba la maji, asubuhi, kwa sababu ya jerikeni iliyosogezwa kwenye foleni. Mama mmoja mwenyeji alikuta yake imerudishwa nyuma, akamlaumu mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekuwa anakinga. Wakashikana nguo, kisha nywele. Jerikeni iliyojaa ikampasua mwenyeji juu ya jicho, na kabla ya adhuhuri vijana wa pande zote mbili walikuwa wamefika na mawe na mapanga.

Nilijifungia chumbani mwangu mwa kushonea. Mawe yalikuwa yakipiga mabati ya majirani. Nilipochungulia dirishani nilimwona mwanaume amepiga magoti katikati ya barabara, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, damu inapita kati ya vidole. Alikaa hivyo kwa muda, halafu akalala ubavu. Polisi walipofika, nyumba za wakimbizi nyuma ya kanisa zilikuwa zinawaka na yule mtu alikuwa amekufa. Alikuwa mwenyeji, akifyatua matofali bondeni pamoja na kaka yake. Aliyerusha jiwe lililomuua hajajulikana mpaka leo.

Jirani yangu, niliyetenganishwa naye na ukuta tu, alikuwa mjane aliyekimbia kutoka upande wa Yei, Sudan Kusini. Aliuza samaki wakavu sokoni. Nyumba yake haikuchomwa kwa sababu ingeungua pamoja na yangu, na mimi ni mwenyeji, mzaliwa wa Kuluba, upande huu wa mpaka. Siku kadhaa baada ya mazishi alikuja, akakaa kwenye benchi la wateja wangu bila kuniangalia.

“Mama fundi,” alisema, “watu iko nauana, na hawajuani hata.”

Akaniambia anataka watu wakae hapo kwenye kibaraza changu, jioni za Jumamosi, kila mmoja aseme jambo moja lililompata. Hakuna kumjibu mtu mpaka amalize. Nilimwambia watatupiga. Alikubali kwamba inawezekana.

Tukazunguka nyumba kwa nyumba. Kuna waliotufungia mlango, na kuna mwanamke aliyetumwagia maji ya vyombo. Lugha nayo ilitusumbua. Wenyeji wanasema Kilugbara, wageni Kiarabu cha Juba na lugha zao nyingine, kwa hiyo kilichobaki cha kutuunganisha ni Kiswahili chetu cha sokoni. Wazee wengi hawakipendi. Kwao ni lugha ya askari, ya kuamriwa ulale chini huku nyumba yako inapekuliwa. Mzee mmoja aliniambia kila akisikia Kiswahili anatazama mlango. Hata hivyo alikuja.

Jumamosi ya kwanza nilidhani tutazungumzia maji na watoto. Bibi mmoja mwenyeji alianza na jinsi walivyokimbilia Sudan akiwa msichana, wakati wanajeshi walipoingia kijijini kwao, na jinsi mama yake alivyochapwa huko mpaka mkono ukavunjika, kwa sababu ya muhogo aliouchimba kwenye shamba la watu. Wasudani waliokuwepo waliinamisha vichwa. Wiki iliyofuata msichana mkimbizi alisimulia alivyobeba mtoto wake mgongoni mpaka mpakani akijua ameshakufa, kwa kuwa waliokuwa nyuma yao walikuwa wanakata hata maiti. Alilisema hilo akiwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua. Yule mama aliyepasuliwa bombani, mshono bado mbichi juu ya jicho, alisogeza kiti chake karibu naye akamsaidia.

Halafu Jumamosi moja akaja kaka wa marehemu. Alisimama kando, miguu ina udongo mwekundu mpaka magotini. Mjane ndiye alikuwa anaongea, anaeleza mume wake alivyotolewa nje na kupigwa risasi mbele ya banda la mbuzi. Alipofika hapo yule mwanaume akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Na wa kwangu?”

Mjane akamwomba asubiri amalize. Hakusubiri. Alinyanyua benchi na kumpiga nalo usoni. Nilisikia taya likilia. Akainua tena, na safari hii lilimpata begani kwa sababu yule msichana wa maharage alimrukia mgongoni. Wanawake wengine wakamvamia. Mmoja alimng'ata mkono mpaka akaliachia benchi. Tulimwangusha kifudifudi tukamkalia, wenyeji na wakimbizi pamoja, mimi nikiwa juu ya miguu yake, nasikia misuli yake ikiruka chini yangu. Mwanamke mmoja alikuwa amechukua mkasi wangu, amemwekea shingoni. Nilijua akikohoa tu huyu mtu atakufa, na sehemu yangu moja ilitaka.

Mjane alitambaa kutoka ukutani alikoangukia. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu, akatema meno kwenye kiganja. Akamwambia mwenye mkasi autoe. Kisha akasema, “Msimwachie. Lakini mutu huyu iko na maneno ndani. Mwacheni aseme.”

Yule mwanaume akasema, uso wake ukiwa kwenye vumbi, sisi tumemkalia. Alisema mdogo wake hakuwa na ugomvi na mtu siku ile. Alikuwa ametoka bondeni kwenda kununua sabuni. Alisema aliosha maiti mwenyewe na kichwa kilikuwa laini kwa nyuma, kidole kiliingia. Alilia kwa namna ambayo mwili wake wote ulitutikisa. Hatukunyanyuka mpaka alipomaliza.

Polisi walimchukua, wakakaa naye siku chache, wakamwachia. Mjane alishonwa mdomo hospitalini. Mwenye nyumba tulimopanga akapiga marufuku mikutano, na wengi walifurahi. Yule mwanaume hakuja kuomba msamaha. Mke wake alikuja, akanisaidia kusugua damu kwenye saruji, na tangu hapo yeye na msichana wa maharage huchota maji pamoja. Ni hao wawili tu ninaoweza kuwataja kwa uhakika kwamba walipatana.

Mjane alihamia Koboko kwa dada yake. Nilipomtembelea mwaka huu nilimkuta nyuma ya soko na kundi jipya, wanawake kwa wanaume, wamekaa juu ya magunia. Katikati ya maongezi wachukuzi wawili walishikana kwa jambo la mpaka wa shamba, mmoja akampiga mwenzake kichwa cha pua. Mjane aliingia katikati yao akasukumwa akaanguka, akainuka, akaingia tena mpaka wakaachana.

Jioni nilimuuliza kama haogopi. Maneno yake sasa hutoka na hewa, kwa sababu ya pengo.

“Naogopa sana. Lakini mutu akinijua, mkono yake inachelewa kidogo.”

Nilimwambia mkono wa mfyatua matofali haukuchelewa. Akasema yule alikuwa hajamjua bado. Kisha akageuza samaki kwenye sufuria, akaniuliza kama nilikuja na chumvi.