Nusu Kichwa

Kinyozi huyu haanzi siasa mpaka amekunyoa upande mmoja. Hapo huzima mashine, huifunika redio kwa taulo, maana anaamini redio ina masikio, kisha hukuinamia. "Ndugu yangu, mvua haijachelewa. Imezuiwa. Wakubwa wanataka tulale njaa, tuwapigie kura kwa kilo ya unga." Ukibisha, hukung'uta kitana taratibu kama mtu mwenye siku nzima, na wewe, na hiyo nusu ya nywele zako, utakwenda wapi? Wote hutoka pale wamekubali.

Asubuhi moja akaingia yule afisa wa usalama anayejulikana mtaa mzima. Waliokaa kwenye benchi wakanywea. Kinyozi uso ukamchanua kama bi harusi: miaka yote alisema anafuatiliwa, na leo kafuatwa mpaka mlangoni! Alinyoa upande mmoja, akazima mashine, akamwaga yote sikioni mwa mgeni, mvua, unga, kura zinazohesabiwa kabla hazijapigwa. Redio hata hakuifunika. Alipomaliza, akasubiri. Akajibiwa kwa mkoromo.

Akamgusa bega. "Mkuu, lakini umenisikia?"

"Eh? Nyuma punguza kidogo," afisa akasema, akasinzia tena.

Kinyozi alimalizia upande wa pili, akamsindikiza nje, akabaki mlangoni akimtazama hadi alipokata kona. Aliporudi aliichukua taulo, akaifunika redio polepole, kama anayemfunika mtoto.

"Mmemwona?" akawaambia wa kwenye benchi. "Kukoroma kule ni kwa kusomea chuoni."