Ngoja Taa Izime

Nakumbuka siku moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya Changamwe, begi langu limefungwa tayari chini ya meza. Siku zote nilikuwa na begi chini ya meza. Adhuhuri hiyo kulikuwa na lori la kunipeleka Voi, na dereva wake hakuwa mtu wa kungoja.

Asubuhi nzima Bi Mwanakombo wa Jomvu Kuu aliketi mbele yangu akinitajia waliolala katika makaburi ya ukoo wao. Mawe yalikuwa yamelika, makaburi mengine hayakuwahi kuwa na jiwe, na aliyejua nani yuko wapi alibaki yeye peke yake. Wanawe walitaka majina yaandikwe angali hai.

"Taratibu, baba," alinichokoza. "Hawa hawana safari. Mwenye safari ni wewe."

Alipomaliza nikaamuru kompyuta ihifadhi. Kioo kikajibu mara moja: tayari. Taa nyekundu ya diski ilikuwa bado ikipepesa. Nikazima swichi, nikashika begi.

Fundi wetu alikuwa amenionya, tena si mara moja. Kompyuta ikiagiza maneno yaandikwe, alisema, huenda yakakaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, na jibu la "tayari" likatoka kabla hayajafika kwenye sahani ya diski. Ukikata umeme hapo, yamepotea. Ipo amri ya kuiambia imalize kuandika yote ndipo ijibu. Usipoitoa, basi ngoja taa izime.

Niliporudi juma la pili, faili lilikataa kufunguka. Bi Mwanakombo alikuwa amekuja kuchukua karatasi zake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Yako wapi majina yangu?"

"Yamepotea, Bibi. Lakini wallahi, kompyuta iliniambia imeyapokea."

"Nikikutuma salamu kwa mgonjwa Likoni, ukamwachia mtu wa mlangoni, akakwambia amezipokea, utarudi uniambie zimefika?"

"La, Bibi. Nitangoja jibu la mgonjwa mwenyewe."

"Kumbe wajua! Haya, washa hilo sanduku lako."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Tulianza upya, kaburi kwa kaburi, mpaka akafika kwa moja dogo kando ya mwarobaini.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu. Jina lake..." Aligusa midomo kwa pindo la leso. "Juma lile nilipokutajia nilikuwa nalo."

Tulingoja. Halikuja. Nikaandika: mtoto, kando ya mwarobaini. Nikahifadhi, na sote wawili tukaikodolea macho ile taa mpaka ikazima.

Nimepita miji mingi tangu hapo, mwanangu, na kila mji nimeuacha kwa haraka. Lakini jina lile lilipita vidoleni mwangu herufi kwa herufi, na mimi sikulishika.

Basi ukikabidhiwa cha mtu, usiridhike na kuambiwa kimepokewa. Kifuate mpaka ukione kimetua, ndipo ubebe begi lako. Na ukikosea, rudi ukae mbele ya uliyemkosea, hata kama huna cha kumrudishia.

Mola akujaalie safari nyingi, mwanangu, na katika kila moja akupe subira ya kungoja taa izime.