Motokaa Mbili za Kismayo na Swali la Baba

Wenzangu mliokulia Kismayo siku Mwingereza alipokuwa akifunga virago kumwachia Mtaliani, mnakumbuka tulivyokuwa tukizikimbia motokaa? Watoto wa siku hizi wanalala ndani ya gari midomo wazi, gari linarukaruka, wao wanakoroma. Sisi tukisikia ngurumo tu tulitupa mbao za chuoni, wino wa masizi bado haujakauka, tukajibanza nyuma ya ukuta wa msikiti. Mwalimu alitucharaza kwa hilo, na ilikuwa haki yake.

Nilikuwa binti wa miaka tisa hivi. Nyumba yetu ilinuka mkate wa mofa, papa mkavu na sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo baba alivipaka vyombo vya baharini hata nguo zake zote zikashika harufu. Baba alikuwa fundi wa vyombo, mzaliwa wa kisiwa cha Chovai. Ndugu yake mdogo, ami Athumani, aliishi nasi pamoja na bibi, mama yao. Ami ndiye aliyenifunza kucheza kibe, na nikivunja kitu ndiye aliyesema amekivunja yeye. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, nasema wazi, hata kuliko baba.

Ami akashikwa na wazo la kupeleka mizigo mtoni Juba kwa motokaa. Ngamia walikuwa wakichukua siku nzima, yeye alisema atakwenda na kurudi kabla ya alasiri. Tajiri mmoja wa mjini alikuwa anahama, na uani kwake alikuwa na motokaa mbili zilizotumika. Baba akakubali kununua moja, akatuchukua twende tukaziangalie.

Tulifika adhuhuri, wakati ambao wazee hawakutaka tuzurure, maana walisema jua la utosi nalo lina wenyewe. Ua ulikuwa kimya. Motokaa zilisimama ubavu kwa ubavu chini ya kipaa cha makuti.

Ya kwanza ilikuwa na injini ya silinda moja, na minyororo miwili ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, iko nje nje, kila pete unaiona. Ami alipozungusha hendeli ililipuka, ikatikisika mpaka kuku wa tajiri wakaruka ukuta. Ilipozimwa haikuzimika. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, na hakuna aliyeigusa. Nilishika kanzu ya baba kwa mikono miwili.

Ya pili ilikuwa na silinda nne na haikuwa na mnyororo. Nguvu yake ilipita kwenye shafti, chuma kirefu kilichofichwa ndani ya bomba chini ya tumbo lake. Hiyo iliwaka kwa kunong'ona. Baba akazipima kama alivyopima vyombo vya bahari: alimwambia ami agonge bodi kwa nyundo ya mbao huku yeye ameweka sikio. Ile ya minyororo ilijibu kila ilipogongwa. Ile ya shafti, ami aligonga mbele, sauti ikatoka nyuma. Akagonga nyuma, haikutoka sauti yoyote. Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema chombo kizuri hakina kelele.

Kisha akauliza swali letu la visiwani. Kwetu hakuna aliyenunua chombo kilichotumika bila kumwuliza mwenyewe jambo hilo mbele ya watu, na mwenyewe hakuthubutu kusema uongo. Baba aliweka mkono juu ya ile ya minyororo.

"Hichi kimekula mchu?" Mchu kwetu ni mtu.

"Kimekula mmoja," tajiri alisema, macho chini. "Dereva wake wa kwanza. Kilimpindukia mchangani."

"Na hichi?"

"Hata kuku."

Kwa baba yalikwisha hapo. Akatoa ahadi ya kuichukua ya shafti. Tulipofika nyumbani na bibi akasikia, aliacha kuchambua mtama.

"Kilichokula kimeshiba," alisema. "Hicho kingine kina njaa. Usinitilie mwanangu humo."

Baba akacheka. "Mama, ni chuma tu."

"Kama ni chuma tu, mbona uliuliza?"

Lakini ahadi baba alikwisha kuitoa, na alikuwa mtu mkaidi kama mimi.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ami alikwenda mtoni na kurudi, akituletea maziwa ya ngamia, na sisi tulikimbia nyuma yake tukimeza vumbi kwa furaha. Siku moja aliporudi niliegemea boneti. Lilikuwa baridi. Ametoka mtoni juani, injini haijazimwa bado, na bati lile lilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Nilimwambia. Naye akaligusa, akasema, "Usimwambie bibi." Sikumwambia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alhamisi moja aliondoka asubuhi na magunia ya chumvi. Hakurudi. Baada ya sala ya Ijumaa baba alikwenda kumsihi tajiri, aliyekuwa bado hajahama, amwazime ile ya minyororo pamoja na dereva. Njiani mnyororo mmoja ulikatika. Waliiona pete iliyokatika, wakaifunga kwa boliti, wakaendelea.

Yaliyofuata baba alinisimulia mara moja tu, nilipokuwa tayari mke wa mtu. Waliikuta motokaa ya shafti katikati ya vilima vya mchanga, injini ikinong'ona. Baba alitia kijiti kwenye tangi la petroli, kikatoka kikavu. Magunia yote yalikuwepo. Upepo haukuwa umevuma, alama za magurudumu zilikuwa wazi kabisa. Nyayo za ami zilishuka upande wa kiti chake, zikaenda hatua nne mbele, zikafika usawa wa boneti, zikaishia hapo. Baba aliweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa na joto, joto la paji la mtu mwenye homa.

Wafugaji wa Kisomali walisaidia kutafuta siku tatu. Hakupatikana, wala kitambaa chake. Dereva alitaka kuivuta motokaa hadi mjini, baba akakataa, wakaiacha pale mchanga uifunike, wakarudi na ile ya minyororo. Bibi hakumlaumu baba hata kwa neno. Ila tangu siku ile hakumwita tena mwanangu. Alimwita fundi, kama wateja walivyomwita, mpaka siku tuliyomzika bibi.

Siku hizi magari yamejaa. Wajukuu wangu wanabishana barazani kutwa nzima, injini ipi ina nguvu, magurudumu yapi yanavuta vizuri mchangani. Wanajua kila skrubu. Nani alikuwa akikalia kiti cha dereva kabla yao hawaulizi, na nawaonea wivu, maana wanalala usingizi mzuri. Juzi mmoja wao akaniuliza, "Bibi, katika zile motokaa mbili za zamani, bora ilikuwa ipi?"

Nikamwambia ile iliyorudi. Wakacheka wote, wakidhani nasifu minyororo.