Kifumbu Bila Nazi

Majina ya watu ntayaacha. Wengi washatangulia mbele ya haki na sikuwaomba ruhusa. Majina ya mbuzi nnayakumbuka yote, na mbuzi hawagombi. Huyu nnayetaka kumsema aliitwa Marashi. Jina nilimpa mimi, kwa sababu alikuwa akinuka dagaa.

Tulitoka Unguja mimi na mume wangu na sanduku moja, tukafikia Ghubra, pwani ya Uarabuni, kwa shangazi yake. Mume wangu hakukaa, alikwenda Kuweit kutafuta kazi. Nikabaki na shangazi, mjane mwenye mitende yake, kisima na mbuzi saba. Ujana wake aliwahi kuishi Unguja, kwa hivyo Kiswahili alikijua, na kejeli zake pia. Nilipofungua sanduku akaona kifumbu cha kukamulia tui. Mamangu ndiye aliyekitia, akisema ntakula nini huko bila ya tui.

"Kifumbu unacho," shangazi akasema. "Nazi zinakuja na meli ya nyuma?"

Nikakitundika msumarini. Kikakaa hapo.

Cha mwanzo kilichonishangaza ni mbuzi kula samaki. Dagaa walianikwa mchangani hata wakauke, kisha mbuzi wakatiliwa pamoja na kokwa za tende zilizorowekwa. Nilikuwa nikikaa kuwatazama. Marashi alianza vichwa, mikia akiiwacha mwisho, kama mtoto anavyofanya na kitumbua. Akawa hanibanduki. Nikienda kisimani yuko, nikifua yuko.

Akazaa, na mtoto akafa siku ile ile. Maziwa yakawa mengi na hayana mnywaji. Shangazi hakuyataka, alisema yananuka pwani. Mimi peke yangu siyamalizi, na joto lilikuwa lishaingia. Ya alfajiri, ikifika adhuhuri yashaharibika, nayamwaga kwenye mitende.

Siku moja shangazi akanikuta nikimwaga. "Idi Kubwa tutamchinja huyo," akasema. "Mbuzi asiyenyweka maziwa huliwa nyama."

"Lakini shangazi, huyu ana jina."

"Kisu hakijui majina, mwanangu."

Zilibaki wiki tatu. Nyumba si yangu na mbuzi si wangu. Lakini nikawa nawaza: maziwa yakiweza kukaa, hata siku mbili tu, na yeye atakaa.

Kwetu jibini tuliijua ya kopo. Ukifungua iko, ukimaliza basi. Kuwa ni maziwa nilisikia, lakini nani aliyeyagandisha na kwa nini, sikuwahi kuuliza. Sasa nikauliza. Jirani yetu alikuwa bibi wa Kibulushi. Tukizungumza Kiarabu, wote wawili kibovu, kwa hivyo tukielewana vizuri. Akanicheka, akaingia ndani, akatoka na vitunda vikavu vya rangi ya udongo, vidogo kama punje za mbaazi, kila kimoja ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Alivinunua sokoni Mutrah, kwa wauza dawa.

"Vifunge kwenye kitambaa, vitie kwenye maziwa, uminye," akasema. "Kisha funika, usichungulie."

Nilikwenda mbio. Nikayachemsha maziwa yakafoka, maana Unguja maziwa hayaguswi mpaka yachemke. Nikaminya kitambaa, nikafunika. Nilichungulia mara sita. Jioni ni maziwa tu, tena machungu.

Bibi alikuja akatia kidole. "Uliyachemsha?"

"Ndiyo."

"Umeyaua. Yanataka joto la chuchu, basi. Na vitunda ulitia vingapi?"

"Vyote."

Akakaa chini kwa kucheka.

Siku tatu nikamnyima Marashi dagaa, nikamkatia majani, nione harufu inatoka wapi. Alinuna, akanipa mgongo. Siku ya nne nilimkama alfajiri, nikayachuja maziwa yakiwa bado na moto wa mwili wake, nikaminya vitunda vitano. Nikatoka nje nisichungulie. Jua lilipopanda nikafunua, nikatia kidole, na maziwa yakapasuka kama pudini ya mayai, maji ya kijani yakijitokeza pembeni. Nilikaa hapo kwa muda nikiyapasua tu, huku na huku, kwa kuona.

Sasa maji yale yatoke vipi? Nikatazama juu, msumarini.

Kifumbu kilifanya kazi kama kimezaliwa Ghubra. Nikakamua kama tui, lakini polepole, na hapa maji ndiyo ya kumwaga na machicha ndiyo ya kuliwa. Nikatia chumvi, nikaweka jiwe juu. Kesho yake ilitoka duara nyeupe, ina alama za ukili pande zote.

Nikaitia sahanini na tende, nikamwekea shangazi. Akainusa kwanza.

"Samaki wako wapi?"

"Sijui, shangazi. Kula uwatafute."

Akakata kipande, akatafuna na tende. Akapitisha kidole juu ya zile alama. "Nakshi hii nani kachora?"

"Kifumbu."

Alikata kipande cha pili, akaondoka nacho.

Kuhusu Idi hakuniambia neno, na mimi niliogopa kuuliza. Nikaendelea kukama na kukamua kila siku. Siku ya Idi yenyewe, wanaume walipotoka kuswali, alikuja mchinjaji na visu vyake. Nilikuwa jikoni, nikasikia shangazi akimwongoza zizini. Nikashika kifumbu mkononi, nikakisugua, na kilikuwa kisafi tangu alfajiri.

"Huyo hapana," nikamsikia akisema. "Huyo wa jibini. Mchukue beberu."

Kisha akapitia dirishani kwangu.

"Vitunda tia vinne," akasema. "Ya jana ilikuwa na uchungu kidogo."